Mgeni wa Siku Mbili

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno hili hutumiwa kumwonya mgeni asiwe mzigo kwa mwenyeji. Hapa nataka kulitumia kupima insha ya namna moja ambayo wanafunzi huiandika mara kwa mara, yaani insha ya matembezi mafupi katika mtaa wa watu wa asili nyingi. Ili nisimwonee mtu, insha nitakayoihakiki ni yangu mwenyewe.

Mimi na mke wangu tulikwenda Mombasa kwa siku mbili, tukazunguka Mji wa Kale, tukala na kutazama. Tuliporudi nyumbani niliandika kurasa mbili kwa fahari, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwalimu, hii ni insha ya tumbo.” Nilikasirika kidogo. Baadaye niliisoma tena peke yangu, nikaona amesema kweli, lakini si kweli yote.

Mhakiki mwema huanza na sifa. Kula si kosa, wala tumbo si adui wa akili. Chukua sahani ya viazi karai, tuliyoinunua barazani karibu na Ndia Kuu. Kiazi asili yake ni Marekani ya Kusini. Manjano yanayoupa unga rangi yalitoka Bara Hindi, na jina la karai lilitoka huko huko. Pilipili kali ilivuka bahari kutoka Marekani baada ya mwaka 1492, na Wareno walikuwa miongoni mwa walioieneza. Ukwaju je? Waarabu waliuita tende ya Hindi, nasi tungedhani ni mgeni kama wenzake. Kumbe mti wake ni mwenyeji wa Afrika. Basi katika sahani moja ndogo, mabara matatu yamekutana. Ajuaye kuisoma sahani hiyo amesoma ukurasa mzima wa historia, na katika jambo hili insha yangu haikuwa mbaya.

Sasa tuyatazame makosa yake.

Kosa la kwanza ni la maneno. Nilihesabu neno “tamu” mara kumi na moja katika kurasa mbili. Mahamri yalikuwa matamu, halua tamu, mazungumzo matamu, hata upepo wa bandari ya zamani nao ulikuwa mtamu. Neno linalosifu kila kitu halisifu kitu. Kama ningaliandika kwamba mahamri yalinukia iliki, na kwamba mbaazi zake zilipikwa kwa tui zito, msomaji angalionja mwenyewe bila kuambiwa kwamba ni matamu.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Niliandika kwamba watu wa mtaa ule, Waswahili, Waarabu, Wahindi na Wabulushi, “huishi pamoja kwa upendo tangu zamani.” Sentensi hii hupendeza masikioni, lakini niliiandika nikiwa nimetoka Ngome ya Yesu saa ile ile! Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ajili ya mizinga. Waomani waliizingira mwaka 1696, wakaitwaa mwaka 1698 baada ya njaa na maradhi kuwaua wengi waliokuwamo. Tangu mwaka 1895 hadi 1958 ilikuwa gereza. Mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho, na mwaka 2011 ikatiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Hata neno gereza lenyewe lilitoka katika neno la Kireno la kanisa. Amani niliyoiona vichochoroni haikuota kama nyasi. Watu waliijenga kwa subira, kwa biashara, kwa kuozana na kwa kuzikana. Anayesema ilikuwapo siku zote huwanyang’anya waliojenga ujira wao wa sifa.

Kosa la tatu ndilo lililomuumiza mke wangu. Katika insha yangu chakula kilikuwapo, lakini mpishi hakuwapo. Viazi vilitokea sahanini kana kwamba vimejikaanga. Nilipokuwa nikipiga picha milango ya nakshi na roshani, mke wangu alimsalimu yule mama mkaangaji, “Shikamoo, mama.” Akajibiwa, “Marahaba, mwanangu, karibu,” akaketi naye mkekani. Ndiye aliyejua kwamba mama huyo huwasha moto kabla ya alfajiri; kwamba binti yake yuko Ghuba akifanya kazi za nyumbani; kwamba mvua za masika hupita darini na kuozesha boriti. Nyumba zile za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko hazitengenezwi kwa fedha kidogo. Mimi nilikuwa nimeusifu mlango wa nyumba hiyo hiyo kwa sentensi nne, bila kujua kwamba wanaolala ndani huweka sufuria chini ya matone.

Huenda ukauliza, msomaji, kama mwenye siku mbili tu anyamaze. La. Wengi wetu ni wageni wa siku mbili mahali pengi, na kama wote tutanyamaza hatutajuana kamwe. Lakini na aandike kama mgeni. Aseme “niliona,” asiseme “wao ni watu wa namna hii.” Asalimu kabla ya kuagiza. Aulize walau swali moja lisilohusu bei wala chakula, kisha alingoje jibu lake. Tena asiuite mtaa wa watu pambo, kwa maana pambo halivujiwi na mvua.

Niliirudia insha yangu nikafuta nusu yake. Iliyobaki ilikuwa fupi, nayo haikuwa na uzuri wa ile ya kwanza, lakini ilikuwa na mtu ndani yake.

Likizo iliyofuata tulirudi. Mama alimtambua mke wangu kwa mbali, akamwita mwanangu. Mimi alinitazama kidogo, akacheka, akanisogezea beseni la viazi na kisu. Nikaketi nikamenya. Kwa hesabu yangu ilikuwa siku ya tatu, na jembe nilikuwa nimekwisha kupewa.