Foto si pambo: neno juu ya ripoti zetu za Walikale



Kuna jambo linanisumbua kila nikifungua TFC au ripoti ya kazi ya uwanjani inayotoka kwetu. Unafika katikati, unakuta foto: kilima, matope, vijana wawili na chepe. Chini yake: "Foto 4: Hali ya mgodi." Basi! Mgodi gani? Inaweza kuwa Bisie, inaweza kuwa Rubaya kule Masisi. Tarehe hakuna, na ndani ya maandishi hakuna sentensi hata moja inayotutuma tuitazame. Mwandishi ameiweka tujue kwamba alifika. Kutuonyesha kitu, hapana.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Miaka ya 2000, kasiteriti ya Bisie ilitoka msituni mgongoni mwa wapagazi, mifuko ya kilo 50, mpaka Njingala na Mubi. Halafu ilipelekwa Kilambo, ambako ndege za mizigo zilitua juu ya lami ya barabara yenyewe, zikabeba mzigo mpaka Goma. Sasa mpe msomaji wa Kinshasa foto ya ndege iliyosimama katikati ya barabara, bila neno. Atasema: eh, ajali! Weka alama tatu tu: namba 1 kwenye magunia, namba 2 kwenye gari linaloshusha, namba 3 pale barabara ilipofungwa kupisha ndege. Chini andika mahali, tarehe, na maana ya kila namba. Foto ni ileile, lakini sasa inaeleza biashara nzima. Kazi ya alama ni hiyo: kupeleka jicho kwenye kile ambacho mwandishi anadai.

Wengine nao wanazidisha. Mishale kumi na mbili, rangi tano, maneno marefu yamefunika shimo lenyewe tulilotaka kuliona. Na mshale mwekundu juu ya udongo mwekundu, ukipita kwenye fotokopi nyeusi na nyeupe, unapotea kabisa. Mshale mweupe wenye ukingo mweusi unabaki. Na ukituonyesha ufa wa ukuta wa shimo, weka rula au nyundo kando yake, la sivyo hatujui kama ni wa kidole au wa mkono mzima.

Lakini kosa ninalolilalamikia zaidi ni la usalama. Nimeona ripoti ambamo sura ya mchimbaji imefichwa kwa kasha jeusi lililochorwa ndani ya Word. Nilibonyeza kasha, nikalisogeza kando: yule kijana akanitazama macho kwa macho. Hata ukikata foto ndani ya Word, sehemu uliyokata inaweza kubaki ndani ya faili. Ficha sura kwenye nakala ya foto, nje ya Word, uihifadhi kama picha moja, ndipo uiingize. Foto ya asili iache bila kuguswa, mahali salama. Na usiitume WhatsApp kama foto ya kawaida: inapunguzwa ubora, na taarifa za saa na mahali ilipopigwa zinafutwa. Itume kama dokima.

Mtu ataniambia: "Mukubwa, hizo ni mambo madogo." Hapana. Katika mfumo wa uhakiki wa madini wa nchi za Maziwa Makuu, mgodi unapewa rangi, kama kijani, njano au nyekundu. Ukipewa nyekundu, madini yake hayaruhusiwi kuingia soko halali, na familia nyingi zinafungiwa mlango. Msomaji wa ofisi ya mbali hajakanyaga Mubi. Anaamini kile anachokiona kwenye karatasi. Foto isiyo na tarehe inaweza kumhukumu mtu kwa hali iliyokwisha zamani, au kumtakasa aliyeficha silaha jana.

Kwa hiyo, kabla ya kupeleka TFC yako mbele ya juri, jaribu hivi: toa foto moja, kisha soma ukurasa upya. Kama hakuna kilichopungua, foto hiyo ilikuwa pambo, iache nje. Kama hoja yako imeanguka, irudishe, uipe namba, tarehe na mshale wake, na umlinde aliye ndani yake.