"Wageni Wananunua": Takwimu Sahihi, Tafsiri Mbovu

Kama una akaunti ya CDS, au umo kwenye grupu lolote la WhatsApp la mambo ya hisa, sentensi ya aina hii si ngeni kwako: "Wageni wamefanya asilimia 90 ya manunuzi leo." Inaanzia kwenye taarifa za soko za madalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE). Ikifika Tandika au Tegeta imeshageuka ushauri: wazito wameingia, na wewe ingia. Takwimu yenyewe inaweza kuwa sahihi kabisa. Mbovu ni tafsiri, na tafsiri hiyo inagusa hela za watu: ada ya mtoto, mgao wa vikoba, akiba ya kununulia bodaboda. Hebu tuikague.

Swali la kwanza: asilimia 90 ya nini? Tuseme Jumatatu soko zima limeuza hisa za shilingi milioni 100, na mfuko mmoja wa nje umenunua za milioni 90. Hiyo ni asilimia 90. Jumanne soko limeuza za bilioni 10, na mifuko ya nje imenunua za bilioni 2. Hiyo ni asilimia 20. Ukisoma asilimia peke yake utasema wageni wamekimbia, kumbe hela yao imeongezeka zaidi ya mara 20. Kwenye soko dogo kama letu, oda moja tu inaweza kuigeuza asilimia ya siku nzima.

La pili: upande wa mauzo unasemaje? Kila hisa iliyonunuliwa, kuna mtu kaiuza. Wageni wakifanya asilimia 90 ya manunuzi na asilimia 95 ya mauzo, basi siku hiyo wametoka, hawajaingia. Kutaja upande mmoja ni sawa na kutangaza mabao ya Simba bila kusema Yanga wamefunga mangapi.

La tatu: huyo mgeni ni nani? Angalia benki ya NMB. Arise, kampuni ya uwekezaji ya Uholanzi, inashikilia asilimia 34.9, na Serikali asilimia 31.8. Hisa za Arise zilikuwa za Rabobank kabla. Kwa kuangalia orodha tu, ungesema mgeni mmoja kakata tamaa na mwingine kaiona fursa. Ukweli ni kwamba Rabobank ni miongoni mwa waanzilishi wa Arise. Hisa zilihama mfuko, si imani. Halafu wamiliki hao wawili kwa pamoja wana asilimia 66.7, na si watu wa kununua asubuhi na kuuza jioni. Bei ya kila siku inatokana na sehemu ndogo ya ile theluthi iliyobaki.

La nne ndilo linalosahaulika zaidi: kwa nini wamenunua, au wameuza? Vuka mpaka uende Nairobi. Hisa ya Safaricom ilipita shilingi 40 za Kenya mwaka 2021. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa chini ya 15, na wawekezaji wa nje walikuwa wameuza sana. Gharama za kuingia Ethiopia zilichangia, ndiyo. Lakini kampuni iliendelea kupata faida, na M-Pesa haikwenda popote. Kilichobadilika pia ni kwamba kuanzia Machi 2022 Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5, huku shilingi ya Kenya ikishuka thamani. Meneja wa mfuko anayehesabu kwa dola anaweza kuuza hisa nzuri kwa sababu hizo tu. Wewe wa Mbagala unayehesabu kwa shilingi, sababu yake si yako.

Utasikia kwamba Marekani wana takwimu bora. Ni kweli kiasi. Wasimamizi wa fedha wenye hisa za zaidi ya dola milioni 100, zikiwemo zile hejifandi maarufu, hutangaza wanachomiliki kila robo mwaka. Lakini wana siku 45 za kufanya hivyo: picha ya Machi 31 unaweza kuiona Mei 15, wakati mwenyewe ameshauza. Na fomu hiyo haionyeshi hisa walizokopa na kuziuza wakitegemea bei ishuke. Yaani unaoneshwa mguu mmoja, halafu unaambiwa ukisie anaelekea wapi.

Je, takwimu za umiliki hazina maana? Zina maana, zikisomwa kwa utaratibu. Chukua manunuzi, toa mauzo, kwa shilingi na si asilimia. Angalia miezi kadhaa, si siku moja. Linganisha orodha ya wanahisa wakubwa kwenye ripoti za kampuni za mwaka huu na mwaka jana. Kisha soma faida na gawio kabla hujajali nani kanunua.

Madalali nao wanaweza kutusaidia kwa mstari mmoja zaidi: wageni wameingiza au wametoa shilingi ngapi, jumla. Hadi mstari huo uwepo kila siku, ukitumiwa "wageni wananunua", mjibu aliyekutumia kwa maswali mawili: wameuza kiasi gani, na nani kawauzia?