Mahali pa Kila Mmoja

Saa kumi na moja alfajiri, Early Morning Market imekwisha kuamka. Soko hili la Warwick Junction, Durban, lipo tangu 1910. Mwaka 2009 manispaa ilitaka kulivunja ijenge jumba la maduka. Wachuuzi walikataa katakata, na wangali hapo, kwenye makutano ambapo treni, mabasi na teksi hupitisha watu wapatao 460,000 kwa siku.

Nilisimama mbele ya meza ya mama mmoja aliyekuwa akipanga nyanya. Hakuzimwaga tu. Kila moja aliiminya kidogo kwa kidole gumba. Ngumu zilikaa chini zibebe nyingine, zilizoiva zikapanda juu zitoke kabla jua halijakolea. Yenye kovu hakuitupa: aliitia kwenye fungu la bei nafuu, la wapishi wa mchuzi. Mikono yake haikusita hata mara moja.

Nikamkumbuka Gordon Igesund, kocha wa kandanda, mzaliwa wa jiji hilihili. Ujana wake ulikuwa wakati wa ubaguzi wa rangi, mpira nao umegawanywa kama kila kitu. Alihamia Austria akaichezea Admira Wacker, kisha akarudi na kuwa kocha. Msimu wa 1996/97, wa kwanza kabisa wa PSL, ligi kuu ya Afrika Kusini, alikuwa na Manning Rangers, klabu iliyoanzishwa 1928 na Wahindi wa Durban. Mbele yao walikuwapo Orlando Pirates na Kaizer Chiefs, wenye mashabiki nchi nzima. Bingwa akawa Rangers.

Mtu angeweza kusema ni bahati. Lakini akatwaa tena ligi na Pirates 2001, na Santos ya Cape Town 2002, na Mamelodi Sundowns 2007. Vilabu vinne, visivyofanana kwa fedha, kwa desturi wala kwa washabiki. Kocha anayeshinda mahali pamoja huenda amebebwa na jezi. Huyu alibadilisha jezi mara nne. Kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe wa ukocha: kuwapokea watu uliowakuta, si wale uliowaota usiku, na kumwona kila mmoja anafaa wapi kabla yeye mwenyewe hajajua.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sehemu yetu katika ule ubingwa wa Santos. Kwenye ngome yao alikuwapo Musa Otieno, Mkenya, beki aliyekuja kuiongoza Harambee Stars kama nahodha kwenye AFCON ya 2004 kule Tunisia, na baadaye akawa kocha msaidizi wa timu hiyohiyo. Naamini mchezaji aliyehama huingia ukocha na akiba ambayo haifundishwi darasani. Ameshakaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo bila kuelewa wenzake wanacheka nini. Ameshaomba pasi kwa lugha isiyo yake. Akimwona kijana mgeni amejikunyata kwenye kona, anajua la kumwambia, na anajua pia lini anyamaze.

Februari 2013 Igesund aliiongoza Afrika Kusini kwenye robo fainali ya AFCON, nyumbani kwao, uwanja wa Moses Mabhida, Durban. Sare ya 1-1 na Mali, kisha penalti, na Mali wakapita. Kocha hapigi penalti. Amekwisha kupanga, amekwisha kusema. Iliyobaki ni kusimama pembeni na kutazama miguu ya wengine. Sijui kazi nyingine inayodai imani kubwa hivyo kwa binadamu wenzako.

Nilipotoka kwa yule mama wa nyanya, nilipanda hadi Curries Fountain, uwanja ulio karibu na soko, ambako miaka ya ubaguzi ilichezwa kandanda iliyokataa kugawanywa kwa rangi. Mwalimu mmoja alikuwa akifundisha vijana. Mrefu mmoja, aliyejiona mshambuliaji, alikuwa akipoteza kila mpira. Mwalimu hakumfokea. Alimwita, akamshika bega, akamnong'oneza sikioni, kisha akamwonyesha kwa kidole nafasi ya beki wa kati. Kijana alinuna, akarudi nyuma akiburuta viatu. Mpira wa kwanza uliopigwa juu ulimkuta pale, akaurukia, akauondoa kwa kichwa hadi katikati ya uwanja. Aligeuka kumtafuta mwalimu kwa macho. Mwalimu alikuwa ameshageuka, anamtazama mwingine.