Pazia la Mlangoni

Mchana wa kiangazi, kuanzia Shinyanga mjini hadi Katoro, milango ya nyumba nyingi huwa wazi, lakini nyumba zenyewe haziko wazi. Kinachozilinda ni pazia la kufumwa kwa uzi, limetundikwa kwenye waya uliokazwa kati ya misumari miwili. Mtoto hulipita kwa kulisukuma na kichwa. Mgeni husimama hatua mbili nje ya pazia, akapiga hodi, akangoja. Hakuna komeo linalomzuia, na bado hapiti. Ufundi unaoweza kumsimamisha mtu mzima kwa nyuzi za pamba unastahili heshima kubwa kuliko tunayoupa.

Nilikaa na jirani yetu mmoja Kahama akiwa kazini. Alianza na mnyororo mrefu wa chini, akarudi juu yake kwa sindano ya kulabu akijenga miraba: huu anaujaza, ule anauacha tundu. Iliyojazwa ndiyo inayochora ua au tausi. Hana karatasi ya mchoro. Akiona pazia zuri kwa mwenzake hulihesabu kwa macho, mraba kwa mraba, midomo ikichezacheza, na akifika nyumbani tayari analo. Ukimpotea mraba mmoja tausi hupinda shingo, naye hufumua safu nzima bila kunung'unika. Ukingo wa chini huufuma mzito, maana upepo wa kiangazi huinua pazia jepesi na kuianika sebule nzima. Uzi wa sweta haupendi; anasema hulegea na kushika vumbi. Pamba huanguka wima, na ikifuliwa na kutiwa wanga wa muhogo, hukauka ikiwa na mgongo.

Siri kubwa lakini ni mwanga. Jua likiwaka nje na sebule ikiwa na kivuli, aliye ndani humwona kila apitaye, ila aliye nje haoni zaidi ya weupe wa nyuzi. Usiku taa ikiwashwa mambo hugeuka, ndiyo maana magharibi ikiingia ubao wa mlango hufungwa.

Wajapani walijenga nyumba zao za jadi juu ya mchezo huohuo wa mwanga na kivuli. Mlango wao uitwao shoji ni fremu ya vijiti vyembamba vilivyopangwa miraba, ikabandikwa kwa gundi ya wanga karatasi ya washi, itokanayo na magome ya miti ya jamii ya mforsadi. Husukumwa pembeni kwenye mfereji uliochongwa mbaoni. Mchana huchuja jua. Usiku huonyesha kivuli cha aliye ndani. Kidole cha mtoto kinatosha kuutoboa. Mwandishi wao Tanizaki Junichiro aliandika insha nzima mwaka 1933 kuusifu uzuri wa kivuli katika nyumba hizo, na mwaka 2014 UNESCO iliingiza ufundi wa washi katika orodha yake ya urithi. Miraba ya mama wa Kahama inastahili kutazamwa kwa macho yaleyale.

Huku kwetu, kwenye machimbo ya dhahabu, pazia hubeba mzigo mzito zaidi. Kambi huota palipo na maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, nyumba zikiwa za miti na maturubai, vyumba vikigawanywa kwa sandarusi au khanga. Turubai halizuii kikohozi, wala ugomvi, wala hesabu ya pesa. Wakazi wa kambi hujifunza kutosikiliza wanayoyasikia. Mwanamke anayefika hapo na pazia lake kwenye begi, akalitundika mlangoni, ametangaza kwamba hapa ni kwake, hata kama dhahabu itahama kesho. Waliofanikiwa wamejenga Geita na Kahama nyumba zenye milango ya chuma. Nyuma ya chuma hicho pazia bado lipo.

Linaloniuma ni uzi. Shinyanga na Simiyu ndiko inakolimwa sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania. Ikishachambuliwa, marobota mengi husafirishwa nje ya nchi, na mfumaji anayeishi kando ya shamba hununua donge la uzi lililotoka mbali. Heshima, hata hivyo, tunaweza kuitoa wenyewe. Pale Bujora, Kisesa, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement yamehifadhi ngoma na viti vya watemi. Ningependa kuona karibu na ngoma hizo pazia moja la mlangoni kwenye waya wake, mgeni aruhusiwe kulisogeza kwa mkono, na pembeni liandikwe jina la aliyelifuma na kijiji chake.