Mpanda Farasi Asemaye Hakujua

Ndugu msomaji, huenda ukauliza: mwalimu wa chuoni hapa Kilosa ana nini na farasi warukao viunzi huko Ulaya? Kweli, kwetu farasi hatuna. Mbung'o wa nyika ya Mikumi humwambukiza nagana, naye hastahimili. Tulio nao ni punda, wabebao maji na mahindi, na kila mwenye punda akiwa mkweli anakijua kidonda kilichoko chini ya kamba, hata kikifunikwa na gunia. Kwa ajili ya hilo gunia nalizungumza jambo la farasi.

Katika mashindano hayo farasi huruka miti iliyoegeshwa kwa wepesi. Akiuangusha mmoja, huhesabiwa makosa manne. Mguu wa nyuma ukilegea kidogo tu, mti uko chini. Farasi huvishwa vikinga vya kifundo, mfano wa vikinga ugoko vya wachezaji mpira, ili asijiumize akijigonga. Hiyo ndiyo asili yake, wala haina lawama. Khiyana huingia pale kikinga kinapokazwa kupita kiasi, au kutiwa uzito, au kuwekewa ndani kitu cha kubana. Mnyama hurusha miguu ya nyuma juu sana, kama aliyekanyaga kaa la moto, na watazamaji hupiga makofi wakidhani ni kipaji.

Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lilianza kuvizuia vikinga hivyo mwaka 2019 katika mashindano ya watoto na ya wapandaji wa ridhaa. Wakubwa wakangojewa hadi 2021. Kikinga cha nyuma sharti kiwe laini ndani, kisizidi sentimita 16 kwa urefu, na vyote vifungwavyo mguuni visizidi gramu 500, mbali na chuma cha kwato. Sheria njema. Lakini mpango wake wanishangaza: azuiwe kwanza mtoto, ambaye pengine kafungiwa na baba yake, na bingwa ajuaye kila uzi aachwe miaka miwili zaidi?

Utamsikia mpandaji akisema: mimi sikujua, saisi ndiye aliyefunga. Udhuru huo siukubali. Aliyeketi mgongoni ndiye wa kwanza kuhisi kuwa farasi leo aruka sivyo alivyoruka jana. Akinyamaza, ni kwa kuwa ushindi umemnogea. Kutojua kwa kujitakia ni namna ya kujua.

Mwaka 2008, katika Olimpiki ya Beijing, ambayo farasi wake walishindania Hong Kong, farasi wanne walitolewa kabla ya fainali kwa kupatikana na kapsaisini, yaani ule ukali wa pilipili yetu ya jikoni. Dawa hiyo hupoza maumivu, na ikipakwa miguuni yaweza kuifanya ngozi iogope kuguswa na mti. Palitajwa marhamu ya kuchua mgongo. Hata hivyo Norwei ikapokonywa medali ya shaba ya timu, ikapewa Uswisi, kwani katika kanuni hizo mpandaji ndiye mwenye kujibu, awe alipaka yeye au hakupaka.

Kwetu sisi jambo hili si geni. Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi, na akakataza jalab, nayo, kama walivyoeleza wanavyuoni, ni mtu kumfuata farasi kwa nyuma akimpigia kelele ili akimbie zaidi. Ikiwa kelele zimekatazwa, itakuwaje maumivu yaliyofichwa ndani ya ngozi iliyoshonwa vizuri? Na wale wanaoshindanisha punda Lamu siku za Maulidi nao wajitazame.

Upungufu wa sheria ile ni kwamba rula hupima urefu wa kikinga, na mizani hupima uzito. Mkono uliokaza haupimiki kwa chombo hicho wala kile. Mkaguzi aweza kukifungua akitazame, lakini hakai zizini usiku kucha.

Vijana wangu wa chuoni wenye punda nimewaambia wapitishe kidole chini ya kamba kila asubuhi kabla ya kupakia. Wawili walinijibu kuwa punda ni wa baba, na afungaye kamba ni baba.