Sitiari ya Kuzaliwa kwa Nyota: Tahakiki kwa Kuzingatia Ruashi

Maandishi ya Kiswahili yanayoeleza galaksi hutegemea mno sitiari ya uzazi: nyota huzaliwa, huzeeka na kufa. Sitiari hiyo si potofu. Udhaifu wake hujitokeza inapotumiwa kufasiri ramani za galaksi za jirani, kwani humwelekeza msomaji kwenye nyota moja moja, ilhali ramani hizo huhusu jamii nzima ya nyota.

Ramani hizo ni za aina mbili. Ya kwanza huonyesha tungamo la nyota zilizopo. Hutegemea zaidi mwanga wa infraredi, kama ule uliopimwa na darubini ya Spitzer katika mikromita 3.6, kwa kuwa sehemu kubwa ya tungamo imo katika nyota ndogo za umri mkubwa. Ya pili huonyesha kasi ya kuumbika kwa nyota mpya, nayo husomwa katika mwanga mwekundu wa hidrojeni inayozizunguka nyota changa na katika vumbi lililopashwa joto.

Tofauti hiyo ina mfano ulio wazi katika anga ya Ruashi, mjini Lubumbashi. Usiku wenye giza, Wingu Kubwa la Magellan, galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi, huonekana kwa macho upande wa kusini. Nyota zake za zamani zimesongamana katika ufito wa katikati. Uumbikaji mkali kupita wote umo kandoni mwa ufito huo, katika nebula ya Tarantula.

Ruashi ina mgodi wa shaba na kobalti, na jimbo lenyewe liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Lugha ya machimbo ingeifaa dhana hii zaidi: gesi ni mawe yenye madini, tungamo ni shaba iliyokwisha kuyeyushwa na kulundikwa, na kasi ni tani zitokazo kila mwaka. Hata hivyo, sitiari hii nayo ina mpaka, maana nyota hurudisha sehemu ya gesi yake angani, jambo ambalo shaba iliyolundikwa haifanyi.

Suala hili si la mapambo ya lugha. Mwanafunzi wa Ruashi huzungumza Kiswahili mtaani na kusoma fizikia kwa Kifaransa. Kiswahili kikimpa sitiari ya uzazi pekee, atadhani kila penye mng'ao mkali ndipo penye tungamo kubwa. Hapana budi istilahi zifuatane na sitiari zinazohifadhi tofauti hiyo.