Kongole kwa Walimu wa Ikungi

Ukitoka Singida mjini kuelekea Dodoma unapita Ikungi, yalipo makao ya Shule ya Msingi Ikungi Mchanganyiko, inayopokea watoto viziwi na wasioona pamoja na wenzao. Walimu wa elimu maalumu kama hawa, wanaofundwa katika vyuo kama Patandi kule Arusha, wanastahili kongole. Wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni haba, hivyo mzigo huwaangukia wao.

Kazi yenyewe ni ya subira. Kipande cha karatasi huwekwa mbele ya midomo ya mtoto: akitamka “pa” kinatikisika, akitamka “ma” kinatulia, naye hugusa pua ausikie mtetemo. Akisema “maji”, mwalimu humwongezea: “maji ya moto”. Kisha anangoja. Kungoja huko ndiko ninakokuheshimu kuliko vifaa vyote, maana sisi watu wazima tuna pupa ya kuwamalizia watoto maneno.

Na kwa mtoto kiziwi, lugha ya alama ni lugha kamili. Kumfundisha mapema si kumkatia tamaa. Ni kumpa nafasi ya kuuliza, kukataa na kutania kama mtoto mwingine yeyote.